Punda Kumi na Mmoja Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Juni

Barua imekuja. Bwana Afya ameileta mwenyewe, kofia mkononi, macho chini. Inasema nafuga wanyama wakubwa katikati ya makazi ya watu. Ikifika Jumamosi tarehe 15, saa sita mchana, punda yeyote atakayekutwa uani kwangu atapakiwa kwenye lori. Nikamuuliza lori linaenda wapi. Akaangalia viatu vyake. Machinjioni, Mama.

Kumi na mmoja! Siku kumi na mbili!

Nimempa vidonge vyake pale pale getini. Nimemkumbusha nani alimtoa tumboni mwa mama yake, tena miguu ikitangulia, na tangu siku hiyo anapenda mambo ya kinyumenyume. Majirani wamecheka. Na yeye amecheka, masikini, ila barua hakuirudisha mfukoni.

Hawa punda hakuna anayewataka. Zamani walibeba maji, matofali, kuni. Sasa mabomba yameingia majumbani na mizigo inabebwa na pikipiki za miguu mitatu. Mtu anamfungua punda wake, anampiga kofi la tako, kwaheri. Mwaka niliostaafu wodi ya wazazi nilimkuta mmoja amelala dampo, kwato zimejikunja mbele kama ndala zilizoungua. Nikamchukua. Wa pili akaletwa. Wa tatu akajileta. Wifi yangu anasema nimemaliza watoto wa watu, sasa nimeanza wa punda.

Sitoi hata mmoja kwa lori. Basi.

Jumatano, 5 Juni

Kadi zote zimekamilika. Kila punda na kadi yake, kama kliniki: kwato, meno, vidonda vya mgongoni, macho, anavyokula, tabia. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: ANAONDOKA NA MWENZAKE. Hiyo ndiyo sheria yangu ya kwanza. Punda aliyezoea mwenzake ukimwacha peke yake anagoma kula mpaka anakufa. Nimeona kwa macho yangu.

Kadi ya Profesa nimeiandika mwisho. Macho: safi. Tabia: mtulivu kuliko wote, hababaiki. Nimepunga kitambaa mbele ya uso wake, hata kope hakupepesa! Ndiyo maana nikamwita Profesa. Anatazama mbali, anafikiri mambo yake, kidevu amekiegemeza mgongoni kwa Madoa. Wale wawili niliwakuta pamoja kwenye kisima cha zamani, kamba moja, mwenyewe hayupo.

Wifi amepita akitoka saluni kwake. Amesoma kadi zote kumi na moja bila kucheka, halafu akauliza kama na uzazi wa mpango nawapa. Mwanamke huyu!

Ijumaa, 7 Juni

Wawili wameondoka! Wameenda kituo cha kulea wazee. Msimamizi alitaka kitu cha wazee kupiga brashi asubuhi, wasishinde wanatazamana. Kuna mzee pale hajasema neno tangu mwaka jana. Punda akamkanyagia kandambili. Mzee akasema, “Ondoka hapo, mpumbavu!” Neno la kwanza! Msimamizi amelia. Mimi nimesingizia vumbi.

Tisa wamebaki.

Jumapili, 9 Juni

Watano! Nasema watano kwa siku moja!

Mfuga mbuzi alikuja na dharau zake. Mbwa wanamwingilia zizini, lakini punda, eti punda atafanya nini? Nikamwonyesha yule jike mkali ninayemwita Shangazi. Mbwa wa huyo bwana akajipitisha karibu. Shangazi hakuuliza swali. Teke moja, mbwa akatoka nje ya geti bila kugusa chini. Bwana akabaki mdomo wazi, halafu akasema huyo, huyo huyo. Nikamwambia Shangazi haondoki bila dada yake, na dada yake haondoki bila mwanawe. Akachukua wote watatu. Angeendelea kubisha ningempa na bibi yao.

Jioni mwenye shamba la matunda akachukua wawili wamlie majani chini ya miti. Wino mwekundu ameusoma mara mbili, akatia sahihi.

Wifi ameniletea soda. Ametamka kwamba pengine mimi si kichaa kamili. Nimecheza uani, peke yangu, na gambuti. Mgongo unauma na sijali!

Jumanne, 11 Juni

Asubuhi dada wa daktari wa mifugo amechukua wawili. Jumla tisa. Wamebaki Profesa na Madoa.

Saa tisa akaja mwenye kitalu cha miche, yule wa upande wa pili wa mji. Mpole, mikono ya udongo, anaongea na majani. Anataka punda wa kusogeza mbolea kati ya matuta, mzigo mdogo mdogo. Ila mmoja tu. Banda lake ni la mmoja. Akamshika Madoa sikio, Madoa akafumba macho.

Nikamwonyesha wino mwekundu. Akasema basi, samahani kwa usumbufu. Akageuka.

Nimemwita mwenyewe. Mimi! Niliyeandika sheria! Nilijiambia zimebaki siku nne, na mmoja kuokoka ni bora kuliko wawili kupotea. Nilijiambia Profesa ana kichwa kizuri, atavumilia, kesho atapata mtu. Madoa akapanda pikapu. Profesa hakumtazama akiondoka. Alisimama tu, masikio mbele, kidevu juu ya hewa.

Kumi wameokoka. Natakiwa nishangilie.

Jumatano, 12 Juni

Profesa amegonga ukuta.

Kwanza ukuta, kisha birika la maji, kisha ukuta tena. Damu puani. Nilidhani ni hasira. Nikamsemesha, nikambembeleza, nikamletea pumba. Aliikanyaga ndoo. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, taulo la saluni begani. Akalishika, akalipunga mbele ya macho ya Profesa. Akalipunga tena, karibu kabisa. Akaniambia kwa sauti ya chini, si ya utani kabisa: wifi, huyu haoni.

Hata ungenichanja wembe nisingetoka damu.

Miaka thelathini na moja wodini! Mtoto akizaliwa nilimtazama mara moja nikajua ana ugonjwa wa manjano. Na huyu, miezi minane uani kwangu, nampa jina la kisomi kwa sababu hapepesi kope! Kidevu mgongoni kwa Madoa hakikuwa pozi. Ndiyo njia yake. Madoa ndiye macho yake, nami nimeyapandisha pikapu nikayapungia mkono.

Nimetoa kadi. Macho: safi. Mwandiko wangu mwenyewe. Nimefuta kwa mistari miwili. Nimeandika: HAONI. Kalamu imetoboa karatasi.

Alhamisi, 13 Juni

Simu kumi na saba. Kila mmoja mpole mpaka nifike kwenye neno kipofu. Wengine wanasema pole, kama nimefiwa.

Hajala tangu juzi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeenda kitaluni. Sikutafuna maneno. Nimemwambia nilikosea, nimekupa nusu ya mnyama, nusu ya pili inakufa uani kwangu.

Amenisikiliza mpaka mwisho, akimwagilia. Amesema hata Madoa hali. Kutwa anasimama kule nyuma, kwenye uzio wa mabati, pua kwenye bati, ukimtoa anarudi. Amesema nikitaka nimchukue, hana kinyongo. Lakini kipofu? Kati ya miche elfu mbili? Amenionyesha vifuko vyeusi vya miche, safu kwa safu, kila kimoja na majani mawili matatu. Kwato moja tu, Mama. Hana ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Nikimrudisha Madoa, wote wawili lorini. Nikimwacha, mmoja lorini na mwingine anakonda penye bati. Nimefika nyumbani nikagombana na sufuria.

Wifi amekuja. Ameketi karibu na Profesa, amemlaza kichwa mapajani, anamchana nywele za shingo kwa kitana cha saluni. Bila kuinua uso akaniuliza, wifi, barua inasema punda akutwe wapi? Nimeisoma tena. Uani. Akutwe uani.

Haisemi lolote kuhusu barabara!

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, herufi zinacheza. Niandike upesi.

Tumetoka saa tatu, Wifi mbele, mimi na hatamu. Mpango: tumpeleke kitaluni kwa miguu, Madoa na Profesa waonane, mwenye kitalu aone. Mpango mzima ndio huo. Tumepita njia ya kisima cha zamani kwa sababu ni fupi.

Hapo kisimani Profesa akainua masikio. Akavuta pumzi ndefu. Halafu akaanza kutembea. Yeye! Siku nne anagonga kuta, leo ananiburuza mimi! Hatua moja kwa moja katikati ya barabara, amekwepa mtaro, amekata kona. Akasimama kwenye geti la bluu. Tii. Nikavuta, wapi. Wifi akasukuma, wapi. Muda wa kushusha madumu mawili hivi, akaondoka mwenyewe. Geti la pili, akasimama. La tatu. Wifi ndiye aliyeshtuka kwanza. Anagawa maji, akasema. Wifi, huyu anagawa maji!

Ni njia yake ya kazi! Mabomba yameingia, mwenye mkokoteni ametoweka, na Profesa bado anaijua kwa miguu, geti kwa geti!

Watu wakaanza kutoka. Mama mmoja kwenye geti la tano akaweka mikono kichwani: huyu si wa yule mzee wa maji? Na mwenzake mwenye madoa yuko wapi? Fundi viatu akaacha kiatu cha mteja. Mwingine akaleta karoti na Profesa AKALA! Akatafuna kwa kelele, karoti nzima! Nimepiga vigelegele barabarani, mwanamke wa umri wangu. Wanawake wa geti la sita wakavipokea, na la saba wakatusubiri nje kabla hatujafika. Nilikuwa nahesabu mageti na kuangalia saa. Haharakishwi. Kila geti haki yake. Saa tano kasoro, geti la kumi na moja.

Nyuma yetu honi. Lori. Bwana Afya akachungulia dirishani. Alipita kwangu mapema kakuta ua umefagiliwa. Mama, akasema, huyo punda. Nikamwambia yuko barabarani. Akatazama msafara, vigelegele, fundi viatu na kiatu kimoja mkononi. Akasema saa sita bado lakini barabara nayo ni ya mji. Halafu akatufuata polepole, gia ya kwanza, na hakupiga honi tena.

Geti la kumi na nne. Halafu hakuna mageti tena, ukuta tu, na mabati marefu. Mabati ya kitalu! Upande wa nyuma. Profesa akanyooka mpaka kwenye bati, akaligusa kwa pua, akasimama. Nikajua sasa amekosea, mlango uko mbele huko, upande wa pili. Nikamvuta. Ng'o.

Na ndani, upande wa pili wa bati lile lile, mahali pale pale, Madoa akalia.

Sijui kuandika mlio ule. Profesa akajibu. Nimezalisha watoto zaidi ya elfu nne na sijasikia kilio cha furaha kama kile. Wifi amejifuta uso kwa taulo na hakusingizia vumbi. Nalia hata sasa na sioni aibu!

Mwenye kitalu ametoka mbio, amezunguka uzio, ndoo ya kumwagilia bado mkononi. Ameona umati, lori, na punda amesimama uso kwa uso na bati. Nikaanza kusema nimekuja tu waagane. Uongo. Hakunisikiliza. Alikuwa anatazama bati.

Hapa palikuwa na geti, akasema. Nililiziba mwenyewe bomba lilipoingia. Miche yangu ya kwanza yote ilinywea hapa. Akamtazama Profesa, akapeleka kiganja machoni pake, taratibu, hakupata jibu. Sikuwahi kuwaangalia, Mama, akasema. Niliangalia madumu.

Nikamwambia hata mimi.

Sasa ni saa sita kasoro dakika nane. Bwana Afya amezima injini. Anasema saa yake huwa inawahi, atasubiri. Profesa hajatikisika. Kidevu amekiegemeza kwenye bati, na kwa ndani, kwenye tundu la msumari, naona manyoya ya Madoa yameligusa upande wa pili. Mwenye kitalu hajasema ndiyo. Amenung'unika kuhusu miche elfu mbili, akaingia ndani. Ametoka sasa hivi.

Ana nyundo ya kung'olea misumari. Amesimama mbele ya bati, anatafuta msumari wa kuanzia. Wifi anataka nimuulize. Simuulizi kitu.