Usukani Bado Unatetemeka, Kaka

Nyumbani,
Jumatatu, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu tele kutoka kwetu sote. U mzima? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kuwaambia watu ni vumbi? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu, ila mimi moyo hautulii. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikikupigia Baba husimama mgongoni kwangu akisikiliza.

Nianze na gari ulilotuachia. Tangu mwezi wa pili usukani ulikuwa unatetemeka. Humu mtaani huwezi kujua, lakini ukishika barabara kuu ukafika themanini, unatikisika hadi meno yanagongana. Na unajua kila Alhamisi Baba humpeleka Mama kliniki ya figo kwa barabara hiyohiyo, katikati ya malori. Siku hizo nakaa kwenye cherehani roho mkononi. Alhamisi iliyopita nilishona mkono wa gauni la mteja ndani nje.

Baba alikataa katakata kwamba kuna kasoro. Alisema barabara ndiyo mbovu. Mtu aliyeendesha malori miaka thelathini na minane atasahihishwaje na fundi cherehani?

Ijumaa nilimbembeleza mpaka akakubali twende kwa fundi, yule tunayemwita Taratibu, maana hata kupiga chafya hufikiri kwanza. Akaniuliza mimi, si Baba.

"Unatetemeka ukikanyaga breki?"

"Hapana."

"Ukienda polepole?"

"Hapana, ukifika themanini tu."

"Basi tusifungue vitu bure. Tuanze na tairi."

Alipoinamia rimu akaanza kucheka. Vile vipande vya madini ya risasi vinavyobandikwa ili tairi izunguke sawasawa havikuwepo kwenye magurudumu yote mawili ya mbele. Ni Mama huyo, Kaka, tulimpigia simu akakiri! Alipokuwa akiosha gari alidhani ni chingamu za watoto wa jirani, akavibandua kimoja kimoja kwa kisu cha jikoni. Baba alicheka mpaka akakaa chini juu ya tairi kuukuu.

Taratibu akasawazisha magurudumu yote, tukaenda kulijaribu gari, mimi nikiendesha. Themanini, tisini, mia: usukani tuli. Nilishusha pumzi niliyoizuia tangu mwezi wa pili.

Kurudi nyumbani Baba akataka kuendesha mwenyewe. Tulipoegesha alikunja uso. "Huyo Taratibu wenu hajui kitu. Bado unatetemeka. Shika uone."

Nikashika. Kaka, injini alikuwa ameshaizima. Usukani ulikuwa umetulia kabisa. Kilichotetemeka ni mikono yake.

Nikamwambia ni kweli, tutarudi kwa fundi. Nilimdanganya, Kaka, na hadi leo sijamwambia ukweli.

Sasa ndiyo nakumbuka mengine. Siku hizi anataka kikombe cha chai kisijazwe. Vifungo vya shati anafungiwa na Mama, nami nilidhani ni mapenzi ya uzeeni. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nilikuwa naanika nguo.

Naogopa, Kaka. Naogopa ile barabara, na naogopa zaidi kumwambia mzee wangu kwamba asiguse tena usukani. Kwangu atanuna, mimi bado ni yule mtoto wa maswali. Wewe ndiye kifungua mimba, na neno lako analipima. Mwombe amwone daktari, pengine ni jambo lenye dawa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii hatakuwa peke yake garini. Jirani anayekuja huko ndiye aliyebeba barua hii, utaipata Jumatano. Tafadhali piga simu jioni hiyohiyo, usingoje Alhamisi ifike.

Kwa sasa ufunguo nimeuficha ndani ya kopo la unga. Jana Mama aliingiza mkono kuchota unga, akaugusa. Alinitazama kidogo, akausukuma chini zaidi, akaendelea na mapishi yake.

Nisalimie Wifi, na mabinti wote wawili, na shangazi ukimwona. Mwambie gauni lake liko tayari. Mama anakuombea asubuhi na jioni. Mungu akulinde kazini na njiani, akurejeshe kwetu ukiwa mzima.

Baba naye anakusalimu. Unajua yeye hakubali barua itoke bila kuandika mstari wake mwenyewe mwishoni, kwa ule mwandiko wake wa kujidai. Leo nilipompa kalamu amesema nimwandikie mimi, mikono yake ina grisi. Hajaligusa gari tangu Ijumaa.

Mdogo wako akupendaye sana,
Maswali