Mashine ya Fremu, Mizinga ya Magogo

Baba Teopista,

Chai iko kwenye chupa. Usiguse masega yaliyo kwenye ndoo ya bluu. Hiyo ndiyo asali pekee ya msimu huu ambayo hujaiharibu.

Mashine ya kukamua asali uliyonunua Bwera huzungusha fremu za mbao zinazoshika masega. Mizinga yetu ni ya magogo, haina hata fremu moja. Nilikueleza hayo palepale dukani, ukamgeukia Fidèle muuzaji, mkacheka, naye akasema: "Mama iko naogopa mashine!" Leo asubuhi ukayafunga masega kwa kamba za mgomba, ukazungusha, yakavunjika yote. Sasa pipa lake limejaa uji wa nta, majana ya nyuki na asali. Mteja wetu wa Kilembe hanunui uji.

Tunahitaji kikamulio cha kuminya, kile cha skrubu ulichokiita cha wazee.

~~Mwombe Fidèle akubadilishie.~~ Nakwenda mwenyewe kupatana naye; mashine itafuata. Ukienda wewe, atakuuzia mashine ya pili.

Osha pipa kwa maji baridi. Ya moto yatayeyusha nta, igande kila mahali. Fidèle hatalipokea likiwa chafu.

Na usihangaike kutafuta mpini wa kuzungushia. Nimeondoka nao.

Mama Teopista