Nibaldo Alikuwa Amelazwa Kweli

Mlima wa Las Cañas,
Valparaíso.
23 Mei 2019

Mpendwa mdogo wangu Eliana,

Pokea salamu kutoka nyumba ya mama. Natumaini goti lako limepata nafuu na kwamba huko Malmö baridi imeondoka. Huku ndiyo kwanza inaingia. Moyo wangu umechoka. Daktari alimwambia jirani, kana kwamba mimi sipo, kuwa sitafika sikukuu za Septemba. Kwa hiyo naandika kidogo, napumzika, naandika tena. Ukiona mwandiko umepinda, ni mkono tu. Akili iko sawa.

Nimekusalimu kama inavyopasa. Sasa nikuambie kwamba nina hasira na wewe, na sitaki kuzikwa nayo.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku yetu ya mishumaa, ya kuwakumbuka waliokufa kwa Ukimwi. Unajua tunavyofanya, maana kila mwaka nakueleza kwenye simu, nawe unageuza mazungumzo na kuniuliza bei ya mkate. Kila marehemu ana kitambaa chake, kimeshonwa na waliompenda. Tunavitundika vyote kwenye kamba za kuanikia nguo, dirisha hadi dirisha, juu ya ngazi zote za mlima. Jioni majina yanasomwa, na kila jina likitajwa watu wanaitikia, "Yupo!", kama tunavyowaitikia waliouawa na wanajeshi enzi za udikteta.

Kitambaa cha mdogo wetu Nibaldo ni cha mahameli ya kijani, mabaki ya lile duka alilokuwa akipamba madirisha yake. Osvaldo alikikata, mimi nikatarizi jina lake, miaka yake, na neno Ukimwi kwa uzi mwekundu. Osvaldo wake unamjua, yule bwana aliyeishi naye. Ndiye aliyemwogesha na kumlisha mdogo wetu miezi yote ile ya mwisho, na ndiye ambaye siku ya mazishi mama alimtambulisha kwa padri kuwa ni mpangaji.

Siku chache kabla ya sherehe alikuja Yasna, binti anayeongoza kamati. Ni mtoto mwenye adabu, alianza kwa kunisaidia kumenya viazi. Kisha akasema wamekishusha kitambaa cha Nibaldo.

"Samahani sana, Mwalimu, hatukujua. Tumeona mtandaoni, kule Uswidi wanasema wanajeshi walimtesa mpaka akafa. Tukimweka na watu wa Ukimwi si tutakuwa tunamvunjia heshima?"

Watu wa Ukimwi. Na baba yake mwenyewe ana kitambaa kwenye kamba hiyohiyo.

Akanionyesha simu yake. Nikamwona mdogo wetu kwenye bango la chama chenu cha wakimbizi, ngumi juu, nawe umesimama kando ukiitwa dada wa shujaa. Eliana, picha ile niliipiga mimi. Hakuinua ngumi. Alikuwa dukani, ameshika fimbo ya pazia, anacheka. Fimbo umeikata wewe pichani.

Najua ilivyoanza, na kwa mwanzo ule sikulaumu. Barua zilikuwa zinafunguliwa na wanajeshi, tukakubaliana nawe kwamba "amelazwa" ni amekamatwa, "madaktari" ni wanajeshi, na "amepona" ni ameachiwa. Halafu mwaka 1987 mama akakuandikia huku analia, akasahau mafumbo yote. Aliandika Nibaldo amelazwa, hali yake mbaya. Baadaye akaandika amefia hospitalini, madaktari hawana huruma. Kila neno lilikuwa kweli tupu, nawe ukalisoma kama tulivyokufundisha. Mtu yeyote angekosea. Ulimlilia ndugu yako kwa kifo kisicho chake, na machozi yale nayaheshimu.

Lakini mwaka 1991 ulikuja nyumbani. Nilikueleza yote jikoni, mama akikaanga sopaipila, mafuta yakirukaruka. Ulilia, ukajifuta uso, ukaniambia, "Nyamaza, dada. Huko wameshamtungia wimbo."

Mama akadakia kwamba ni afadhali hivyo. Nikanyamaza kwa ajili yake. Alipokufa nikaendelea kunyamaza kwa ajili yako. Na kwa kuwa naondoka, nakuungamia jambo moja: nilipofikiri kwamba huko mbali watu wanaitikia jina lake barabarani, nilifurahi kidogo. Furaha ile sasa naionea aibu.

Maana umewaibia wengi. Wako kina mama hapa mjini ambao wamezunguka na picha za watoto wao waliopotezwa na wanajeshi mpaka miguu ikavimba, na bado hawajapewa hata mfupa. Umemsimamisha Nibaldo kwenye foleni yao. Na yeye umemnyang'anya kifo chake. Kama ulitaka wauaji, walikuwepo. Hospitalini chakula chake walikiacha mlangoni na kukisukuma ndani kwa mguu. Shuka zake zilichomwa mbele yake. Padri alimbariki akiwa amesimama kizingitini. Hayo ulikuwa na haki ya kuyapigia kelele Ulaya nzima, nami ningekuja kukushikia bango.

Jumapili nilibebwa kwenye kiti hadi ngazini. Osvaldo alikuwa hajaambiwa. Nilimkuta na mkongojo wake, anatazama kamba moja baada ya nyingine kama mtu aliyeibiwa nguo. Nikamweleza habari nzima ya Malmö, ambayo miaka yote nilimficha. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo mume wangu amekufa mara mbili," akasema, "na mara zote mbili mimi si mjane."

Majina yakasomwa. Walipofika kwenye ukoo wetu wakapita, wakaingia kwa wengine. Osvaldo aliendelea kushika mshumaa wake hadi jina la mwisho, akingoja, ingawa alishajua.

Ndipo nikasimama. Mimi ambaye kwenda chooni nashikwa mkono. Nikatoa sauti ile ya darasani: Nibaldo Oyarzún Cárcamo, amekufa kwa Ukimwi katika mji huu, akiwa na miaka thelathini na mbili.

Yasna alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Watu walitazamana, hawakujua kama waitikie au wasiitikie.

"Yupo," akasema Osvaldo.

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu aliyegongewa mlango akaulizwa kama mwenzake yumo ndani. Kisha ngazi zote zikaitikia, juu mpaka chini, na mimi nikarudi kitini.

Yasna alikirudisha kitambaa kwenye kamba kwa mkono wake. Aliniomba radhi, nikamwambia si yeye anayedaiwa.

Sasa sikiliza. Nimekiandikia pia chama chenu cha Malmö. Nimeeleza kila kitu, nikaweka picha ya kile kitambaa, na ile picha ya dukani nzima nzima, na fimbo yake. Barua yao inakwenda kwa njia ya kawaida. Hii yako nimeilipia ifike haraka. Siku zitakazokuwa katikati ni zako, nimekupa. Waite, waambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Ukishindwa, watasoma.

Na wimbo wasiuache. Wabadilishe maneno.

Msalimie mwanao Maite na mumewe. Mbusu mjukuu wako Nibaldo, umwambie jina lake limetoka kwa mtu aliyekuwa akipamba madirisha mpaka watu wanashuka kwenye basi kuyatazama. Osvaldo nimemwomba anipe salamu za kukuletea, amekataa. Usimlaumu.

Mungu akupe ujasiri, na akupe upesi, maana ningependa kusikia kabla sijaondoka. Wakikuuliza huko alikufaje, usitafute maneno makubwa. Waambie alikuwa amelazwa.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata kwa hasira hii,

Hortensia