Kaburi Lenye Mlango

Izimbya,
Bukoba Vijijini.
17 Novemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu, Sista Joviana,

Kasinge waitu. Na Tumsifu Yesu Kristu pia, maana najua usiposalimiwa hivyo unaikunja barua kabla hujafika katikati. Songea kunakuchaje? Magoti yako vipi? Nauliza magoti kwanza kwa sababu kwa kazi yako hayo ndiyo jembe. Kama bado yanauma, mwombe Mama Mkuu akuruhusu kusali umekaa. Mungu amekuona umepiga magoti miaka yote hii, hatasahau sura yako.

Huku tupo. Mvua imeshuka, senene wameanza kuanguka, na jana Evelyne mke wa mwanangu Avit alikaanga wa kwanza. Nilikula nikiwahesabia meno niliyobaki nayo. Migomba ya nyuma ya nyumba inasimama, ile ya bondeni imechoka kama mwenyewe.

Mimi ni mzima. Na hapo ndipo kesi yako inapoanzia.

Ningekupigia simu, lakini simu yangu inakaa chumbani kwa Evelyne kwenye chaji, na kila nikiongea yeye anakumbuka kufagia karibu na mlango. Karatasi haina masikio. Barua inakuja kwa mkono wa Shamsia, binti wa Saburi, anayerudi huko kwa mumewe. Nimeifunga kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Ukikuta imebanduliwa, usimtafute mwizi mbali. (Shamsia mwanangu, kama ni wewe unayesoma hapa, marahaba. Sasa funga.)

Haya. Mwezi wa nane ulipiga simu, Evelyne akiwa kisimani, nami nikakuambia siri. Nilikuapisha kwa skapulari yako ya shingoni usiitoe. Naiandika tena ili usije ukasema umesahau.

Unajua nilivyoanguka nikimfukuza mbuzi wa jirani yetu Kyaruzi kwenye kahawa zangu. Mbuzi yuko salama, nyonga yangu ndiyo ilivunjika. Hospitali wakatia chuma, wakanipa magongo, na daktari akaniambia neno moja: usichuchumae tena maisha yako yote. Yeye alisema kirahisi, kwao wanakaa. Choo chetu wewe unakijua, hakijabadilika tangu ulipokwenda utawani: shimo, mbao mbili na imani.

Kwa hiyo lazima nishikwe. Nishikwe na nani? Wifi yako ameshatangulia. Avit yuko Kimwani kule Muleba analima mahindi, anakuja akipata nafasi. Kyaruzi alijitolea, lakini Kyaruzi ana mdomo, habari za tumbo langu ningezikuta kilabuni zimefika kabla yangu. Akabaki Evelyne. Mkwe wangu, Joviana! Mkwe anishike mkono nikiwa katika hali ile? Mama yetu angefufuka na fimbo. Avit alileta ndoo yenye mfuniko. Nikamuuliza, na atakayeimwaga ni nani? Akasema basi atachimba choo kingine cha kisasa. Nikamwambia kibanja ni changu, na hakuna atakayetia jembe humu kwa kunionea huruma nikiwa hai.

Ndipo nikaamua mwenyewe. Kisichoingia hakitoki, hesabu hiyo hata wa darasa la nne anaiweza. Asubuhi nalowesha ulimi kwa chai, jioni nakula kipande cha ndizi, nyingine namtupia kuku dirishani. Evelyne akiuliza, nasema dawa za hospitali zimeniondolea hamu. Hayo nilikuambia wewe tu. Wewe na ukuta.

Mwezi wa tisa suruali zikaanza kunivuka zenyewe. Nikisimama, nyumba inazunguka. Na hapo mambo ya ajabu yakaanza.

La kwanza ni Saburi. Hujamsahau Saburi, mwashi wa Bukoba mjini, Mwislamu aliyekuja kukuaga ulipokwenda utawani akakuletea sandali. Ujana wangu wote nilimkorogea zege. Huja kwa bodaboda, tunatafuna kahawa, tunacheza bao. Tangu tufahamiane Saburi hajaniachia bao hata moja. Akishinda anaimba, na sauti yake ni ya bati linaloburutwa. Sasa ghafla nikaanza kushinda mimi. Nikashinda tena. Nikamtazama usoni, hasira hana. Nikajiambia: huyu ana anachokijua kuhusu mimi.

Nikampima. Nikamwambia, "Saburi, ule ukuta wa shule uliojenga umepinda kama miguu yako."

Akasema, "Kweli kaka."

Kweli kaka! Joviana, mwili ulinisisimka. Zamani ungemgusia ukuta wake angekutajia ukoo wako mpaka kwa mwizi wa kwanza.

La pili, jumuiya. Ma Joanitha, mwenyekiti wao, alikuwa akinikumbuka zamu ya nyumba yangu ikifika, na mara nyingi alikumbuka kama kuna pombe ya rubisi. Sasa wakawa wanakuja na rozari kila baada ya siku mbili, tena wanaimba kwa nguvu kama wanafukuza ngedere shambani. Na kila wakiimba, huko nyuma ya nyumba nasikia kitu: dub, dub, dub.

"Evelyne, nini hicho?"

"Mgomba umeanguka, Tata."

"Migomba siku hizi inaanguka kwa kufuata wimbo?"

Akaenda jikoni akikohoa.

La tatu niliona kwa macho yangu. Nilijivuta mpaka dirisha la nyuma. Kupitia migomba nikaona rundo la mchanga. Nikaona mifuko ya simenti. Nikaona turubai limeinuka na upepo, na chini yake vigae vyeupe vinavyong'aa. Wewe uliondoka zamani. Kwa kijiji chetu vigae vyeupe vinakwenda mahali pamoja tu, na anayewekewa haulizwi kama amependa rangi.

La nne, Padre. Alikuja katikati ya wiki, bila pikipiki kunguruma, kumbe aliizima njiani. Ana kile kichupa chake. Nikamuuliza, "Padre, mafuta hayo ni ya kwenda au ya kubaki?"

Akacheka, akanipaka. Akasema, "Ya kubaki mzee wangu, ila na wewe unywe chai."

Sasa nieleze, mtawa wa Mungu. Padre alijuaje habari za chai? Chai hiyo niliitaja kwa mtu mmoja duniani, naye amevaa shela. Ninyi watu wa kanisa mna redio yenu, mimi naishuku siku nyingi.

Jioni ile niliyajumlisha yote. Rafiki ananiachia bao, wanawake wananiimbia, shimo linachimbwa, vigae vimefika, mafuta nimepakwa. Hata mbuzi wa Kyaruzi angepata jibu. Hospitali waliwaambia kitu, nikaona, nao wananificha. Nilikasirika kwanza kwa sababu ya vigae. Kwa nini vyeupe? Vinaonyesha uchafu.

Kisha hasira ikaisha, nikabaki na mimi mwenyewe. Usicheke: nilisali. Si rozari, mimi rozari nikifika katikati nasinzia. Nilisema hivi hivi, "Bwana, nimekutania sana na hukunipiga. Nimechoka kuona kiu. Nipe nife kwa heshima, kabla mke wa mwanangu hajaniona nilivyo." Nikasubiri. Hakujibu kitu, kama kawaida yake.

Jumamosi nikamwambia Evelyne aniletee kanzu, ile ya arusi ya Avit. Akauliza unakwenda wapi Tata. Nikasema nakwenda kukagua nyumba yangu mpya, maana sijaona mtu akijengewa bila kuulizwa mlango uelekee wapi. Akaweka mikono kichwani akakimbilia nyuma ya nyumba. Mimi huyo na magongo yangu, taratibu, kuku wananipisha.

Nikawakuta wote. Ma Joanitha na wenzake na ndoo za maji vichwani. Avit, ambaye nilijua yuko Kimwani, amejaa simenti mpaka kope. Saburi ameinama na pima maji. Wakakodoa macho kama watoto waliokutwa na asali.

Nikasema, "Endeleeni. Mwenye kaburi amekuja."

Saburi akainuka polepole, mkono kiunoni. "Kaburi gani?"

"Hilo."

"Ta Kahangwa, ulishaona wapi kaburi lenye mlango?"

Nikatazama. Kweli, kulikuwa na mlango wa mbao, bado unanuka randa.

"Na bomba hilo la juu," akasema, "unafikiri ukizikwa utavutia hewa humo? Wewe hata ukiwa hai hewa unayoitoa inatutosha!"

Wanawake walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Mimi sikucheka. Nilisogea nikachungulia. Ndani vigae vyeupe mpaka kiunoni. Mabomba mawili ya chuma ukutani, la kushoto na la kulia, ya mtu kushikilia. Na katikati choo cha kukaa, Joviana, kile cha kumwagia kopo la maji, kimetulia kama kiti cha askofu.

Nikamgeukia Avit, nikamkumbusha nilivyomkataza. Avit akatazama chini. Saburi akamjibia.

"Mwache kijana. Mimi ndiye niliyemwita. Kaka, mimi nafunga Ramadhani tangu utoto wangu. Midomo ya mtu aliyefunga naijua hata gizani. Nilikuja hapa mwezi wa tisa, nikakupa kahawa, ukaitafuna kavu ukakataa maji. Mara ya pili hivyo hivyo. Lakini anayefunga kwa ajili ya Mungu, jua likizama anafuturu. Wewe kwako jua halizami? Nikamwuliza Avit baba yako anaogopa nini. Akaniambia habari ya ndoo."

Nikasema, "Na mbona ulikuwa unaniachia bao?"

"Nikuachie?" Hapo Saburi wangu akarudi, macho yakawaka. "Nilikuwa na haraka, mzee! Mchanga unanyeshewa huku nyuma, wewe unafikiria kete moja mpaka naota mvi upya. Na ule ukuta wa shule haujapinda, umepinda wewe!"

Mdogo wangu, sijawahi kutukanwa nikashiba namna ile.

Vigae, aliniambia baadaye, ni vile vilivyobaki walipokarabati sehemu ya kutawadhia msikitini kwao, wakampa kama sadaka. Mchanga ni jumuiya waliubeba kichwani kutoka mtoni. Nikamuuliza kama si dhambi, vigae vya watu wa swala kwenda kukaa chini ya Mkatoliki. Akasema vigae havijabatizwa wala havijasilimu, vinataka tu kusuguliwa.

Simenti ilipokauka, Evelyne akaleta chai ya maziwa kwenye kikombe kikubwa, akakiweka mezani akaondoka bila kunitazama. Kumbe hata yeye alijua. Saburi akakaa mbele yangu, mikono kifuani, akinilinda kama askari. Nikanywa chote. Nikaomba kingine. Kisha nikasubiri, na kitu kilipokuja nikachukua magongo nikaenda peke yangu, sikushikwa na mtu. Ndani kuna komeo. Nilipolifunga kwa ndani, lile komeo, nililia. Hilo ni siri ya pili, na tutaona itadumu siku ngapi.

Sasa Joviana, Saburi anasema aliona mwenyewe. Avit anaapa kuwa hakusikia kwako. Padre nilimbana Jumapili, maana siku hizi nakwenda misa, benchi la nyuma karibu na mlango. Akasema midomo yangu ilikuwa imepasuka, mtu yeyote angesema chai. Wote majibu yao yamenyooka mno. Watu wasiopanga pamoja hawasemi sawa hivyo. Kwa hiyo bado nakushuku wewe. Nijibu kweli: ulitoa siri yangu?

Kama ni wewe, nimekusamehe, na skapulari yako nadhani ilikusamehe kabla yangu. Ila kama si wewe, niambie pia, kwa sababu basi anabaki mmoja tu niliyemwambia. Mimi nilimwomba nife kwa heshima, nikajengewa choo. Na shimo, ukihesabu, lilishaanza kuchimbwa kabla sijafungua mdomo. Ama hasikii vizuri, ama ananijua kupita kiasi, na mtu wa namna hiyo nitamwangalia kwa karibu.

Evelyne anakusalimu, anasema umwombee mimba yake ikae. Avit amerudi Kimwani, mahindi yanataka palizi. Ma Joanitha anataka rozari za mbao kama mnazichonga huko. Saburi anasema zile sandali ulizovaa kwenda utawani alizinunua kwa bei mbaya, kwa hiyo umtaje mara moja moja katika sala, kwa jina lake lile lile, bila kumbadilisha dini. Kyaruzi hana salamu, ila mbuzi wake ananitazama vibaya.

Mungu akulinde magoti, akupe jiko lisilokosa moto na rafiki anayeweza kukutukana. Na siku ukipewa ruhusa ya kuja nyumbani, usiogope safari. Tuna mahali pa kukaa.

Wako akupendaye, na kukushuku,

Kaka yako,
Kahangwa Ildefons.