Kamba Inayong'ata na Ndala za Mama Rehema

Jumanne. Mvua imeacha, mawingu hayajaacha. Temeke yote inanuka tope na mie nanuka nayo.

Hakuna nyumba huku kwetu yenye umeme mpole kama ya kwangu. Nyaya zake ni za zamani, za enzi watu wanatengeneza vitu kwa haya, na tangu zilazwe ukutani hazijamgusa kiumbe.

Uongo.

Nimeyasema tu nione kama yatapita kooni, maana ndiyo niliyoyatamka Jumamosi kijiweni, kikombe cha kahawa mkononi, kidevu juu. Mzee mwenzangu mmoja akanijibu, "Pazi, wewe hata nyumba yako ikiungua utasema inaota moto." Tukacheka mpaka muuza kahawa akatusogezea kashata. Na wakati tunacheka, kule uani kwangu umeme ulikuwa unamrusha Mama Rehema.

Ndala zake nilikuwa nimezivaa mie.

Mama Rehema ni mpangaji wangu wa chumba cha mwisho, yeye na binti yake mdogo. Kila asubuhi huusoma kwa sauti ukurasa wangu huu wa mtandaoni, mie nasema na simu inaandika, wapangaji wengine wakisikiliza huku wanapiga mswaki, halafu ananiuliza, "Babu, leo umemsingizia nani?" Tangu mke wangu atangulie, ndiye mtu pekee anayeuliza kama nimekula.

Sasa hiyo kamba. Uani tuna kamba ya kuanikia nguo, waya wa chuma, toka ukuta wa nyumba mpaka chooni. Tulipotaka taa ya chooni, waya wake wa umeme tukauzungushia kwenye kamba hiyohiyo. Si ilikuwa ipo, na inaelekea hukohuko? Nani angehangaika kusimamisha nguzo? Jua likaula ule mpira wa juu taratibu, na mvua ikinyesha kamba ikaanza kung'ata. Kidogo tu, kama sisimizi.

Watu wenye akili wangeita fundi. Sie tukatunga sheria: usianike peku. Pale mlango wa uani zikae ndala, kamba ikilowa unavaa kwanza. Mpangaji mgeni tulikuwa tunamwonyesha ndala kabla ya kumwonyesha choo. Tena na mie nilivyo mkorofi, wengine nilikuwaga nawaacha waiguse mara moja, wakiruka nawaambia, "Karibu, nyumba imekusalimia." Walicheka. Hata aliyeruka alicheka.

Ndala nazo zina ajali yake. Zilikatika moja moja, zikabaki za Mama Rehema. Jumamosi za kwangu zikachomoka kanda, nikaingiza miguu kwenye zake, nikamwambia Rehema anayechezea maji pale, "Mwambie mama narudi sasa hivi." Kahawa haina sasa hivi.

Wapangaji wananiambia alitoka na beseni la nguo za mtoto, akatazama pale mlangoni, akaita, "Babu Pazi! Ndala zangu!" Akangoja. Kisha wakamsikia anajisemea, "Aah, sisimizi tu."

Haikuwa sisimizi.

Kamba ilimkamata kiganja na haikumwachia mpaka jirani wa chumba cha pili alipoipiga kwa mti mkavu wa ufagio. Nilipofika, nguo za mtoto zilikuwa topeni na watu wamemzunguka. Alikuwa hasemi. Nilipiga magoti pale, nikazivua ndala zake.

Kapona, nashukuru. Kiganja kimeungua, kimefungwa bandeji kubwa kama andazi. Jana wamemruhusu hospitali, lakini hakurudi huku. Amemchukua Rehema, wako kwa dada yake Vingunguti. Alinipigia. Akaanza, "Shikamoo babu." Nikaitikia. Akasema, "Mie sirudi kwenye nyumba inayong'ata. Nakuheshimu, lakini nina mtoto." Akakata.

Shikamoo ile imeniuma kuliko tusi.

Leo ndiyo nikaita fundi. Nimeita baada ya mtu kulala chini, simu, andika hivyo hivyo wala usinipambe. Fundi mwenyewe ni binti wa kutoka bara, anaitwa Ester, ana maneno makavu. Alisogeza testa, ile bisibisi yenye kitaa, kwenye kamba, kitaa kikawaka, akanitazama. Akafungua boksi la fyuzi la zamani, akakuta pale pa kiwaya chembamba pamefungwa waya mnene. Hiyo ilikuwa dawa ya nyumba nzima: fyuzi ilikuwa ikikatika kila pasi mbili zikichomekwa pamoja, tukaipa mwenzake mnene, tangu hapo tukawa tunaisifu kwa uvumilivu.

"Mzee," akasema, "fyuzi kazi yake ni kufa ili nyie mpone. Nyie mmeikataza kufa."

Akazunguka nje kutafuta waya wa ethi, ule wa kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Ulishakatwa, nadhani na wale wanaotafuta vyuma chakavu. Kilichobaki kinaning'inia ukutani kama mkia wa mjusi. Ndani, akivuta waya kwenye swichi, mpira wake unapukutika kama ganda la karanga.

Nikajaribu utani, maana ndiyo silaha niliyonayo. "Binti, ukimaliza kazi si nikuoe tu?"

"Nikimaliza utakuwa na umeme mzuri. Mke katafute kwingine."

Siku nyingine ningecheka wiki nzima.

Amezima nyumba yote. Kesho anaanza kuvuta nyaya mpya chumba kwa chumba, anachimbia ethi mpya, na boksi la fyuzi linatoka, inaingia swichi inayojikata yenyewe mtu akipigwa. Waya wa chooni utapita kwenye bomba lake. Ile kamba nimeikata mwenyewe, umeme ukiwa umezimwa na fundi akinisimamia kama mwizi. Nimefunga kamba ya manila.

Hakuna nguo juu yake.

Asubuhi hii hakuna aliyenisomea. Wapangaji waliobaki wananisalimia vizuri, wanapita. Nyumba ina vyumba sita, nimeizunguka yote nikasikia ndala zangu tu. Mpya. Simu inakaribia kuzima na hakuna pa kuichomeka, kwa hiyo nasema haraka.

Mama Rehema, najua huko Vingunguti unausoma ukurasa huu, hata kama husomi kwa sauti. Sikuombi uhamie leo. Ngoja fundi amalize, mlete hata dada yako aje na testa yake. Lakini una deni langu. Siku ile nilikuchungia maharage yasiungue ulipompeleka Rehema kliniki, ukasema, "Babu, nitakulipa kwa kukutungia uzi kwenye sindano." Kanzu bado haina kifungo. Kushona nitashona mwenyewe, macho tu ndiyo hayaoni tundu.

Bandeji ikitoka, njoo unitungie. Ndala zako nimeziosha, ziko pale mlangoni, na mtu hazigusi.