Besi Kwenye Simu ya Mkalimani

Jumanne, 3 Oktoba 2023

Bima mpya, ujinga mpya. Wakala aliyeniajiri amehamia kampuni nyingine ya bima, na hawa wapya hawalipii homoni zangu mpaka mtaalamu wao wa akili athibitishe kwamba naumwa. Miaka yote nimemeza vidonge, nimetulia, nalala usingizi — sasa utulivu ndio kosa! Wakubwa wa afya duniani walishatutoa watu wa aina yangu kwenye fungu la magonjwa ya akili. Habari hiyo haijafika Arlington, kwa hao wa bima. Huko lazima uhuzunike vya kutosha upewe dawa, ila usizidishe, wasije wakasema huna akili timamu ya kuamua. Mgonjwa wa kupendeza, basi.

Chupa inakaribia kuisha. Naogopa. Kabla ya dawa hizi sikuwa mtu wa kukaa naye chumba kimoja.

Alhamisi, 5 Oktoba

Daktari wao wa akili ni kijana wa soksi za rangi rangi na sura ya huruma aliyoifanyia mazoezi. Alipoona nimezaliwa Bukoba akaamua nahitaji mkalimani. Nikamwambia, kwa Kiingereza, kwamba kila siku kazini kule Bowie namwogesha mzee mstaafu wa serikali na kubishana naye habari za beisboli. Wapi! Mambo ya moyoni, anasema, husemwa kwa lugha ya mama. Lugha ya mama yangu ni Kihaya, bwana.

Akapiga simu, akaweka spika.

"Bonjour, mimi ni mukalimani wenu."

Nikaijua sauti. Mama Goretti! Mwalimu wa kwaya yetu ya misa ya Kiswahili, hapa Greenbelt. Jina langu halitajwi kwenye simu, ndiyo sheria yao, lakini jina la nini? Kwake mimi ni Kaka Cosmas, besi wake wa pekee anayewahi mazoezini. Homoni zimenipa mashavu, na kifua ninachokificha ndani ya sweta. Ila koo hazikuligusa. Nanguruma kama zamani. Neno moja tu, angenijua, na kanisa zima lingejua kabla ya Jumapili.

Basi nikabana sauti kama kuku aliyekabwa. Uliteseka utotoni? Kidogo. Una huzuni? Hapana. Unalala? Ndiyo, asante. Mwishoni daktari akasema haoni mateso. Angeyaona wapi, muda wote alikuwa anaitazama simu! Nirudi tena, la sivyo ombi langu linakataliwa.

Jumapili, 8 Oktoba

Baada ya misa, chai. Mzee Gervais akaanza hadithi yake ya hospitali za huku zinazogeuza wanaume kuwa wanawake. Wote kicheko, hata wale ambao watoto wao hawawapokelei simu. Mama Goretti alikuwa anamimina chai. Hakucheka. Hakumkanya pia.

Baadaye akaniletea kikombe cha tangawizi bila kuombwa. "Cosmas, koo yako iko muzuri?"

Nikasema iko nzuri. Nilikuwa nimeimba vizuri kabisa leo. Kwa nini aulize?

Kisha nikamsikia akiwaambia wale wa alto kwamba kwenye kazi yake ya simu yeye ni mdomo tu, hata mumewe hamwambii kitu. Aliongea kwa sauti kubwa mno kwa watu waliokuwa wamekaa naye meza moja.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimeomba mkalimani mwingine. Hakuna. Nimeomba nisiwe naye kabisa. Haiwezekani, kwa faida yangu mwenyewe! Wananilinda mpaka nife.

Nakata vidonge nusu.

Jumanne, 17 Oktoba

Naandika hapa hapa, chumbani kwa daktari huyu.

Ni yeye tena, Mama Goretti. Nimechoka kuwa kuku. Daktari alipouliza mimi ni nani, nikafungua koo lote, besi ile ile ya Jumapili. "Naitwa Leokadia. Mimi ni mwanamke. Nilijua kabla sijaanza shule."

Daktari akaigeukia simu, akingoja Kiingereza.

Sasa, wakalimani hawa hawasemi "anasema". Sheria yao ni kusema "mimi", kana kwamba ni wewe. Kwa hiyo mwalimu wetu wa kwaya ikambidi atamke kwa Kiingereza kwamba yeye ni Leokadia, yeye ni mwanamke. Akatamka yote, pole pole, bila kuruka neno. Na daktari akaandika bila kuinua kichwa! Kinywani mwangu ni dalili ya ugonjwa. Kinywani mwake ni habari ya kawaida.

Halafu daktari akauliza, maana fomu yangu inataja kanisa, kama kuna mtu yeyote huko anayenijua nilivyo. Sauti ya Mama Goretti ilikuwa imepungua.

"Docteur anauliza, mu kanisa yenu, kuko mutu mwenye anakujua?"

"Sijui," nikasema. "Muulize mkalimani."

Na hilo pia lazima alitafsiri. Hajalitafsiri. Daktari akaita mara mbili, akadhani simu imekatika, akatoka kumtafuta fundi. Msomi mzima! Taa ya simu inawaka, iko mbele yangu.

Tumebaki wawili. Naandika haraka, mwandiko gani huu. Namsikia anavuta pumzi, ndefu, kutoka chini kabisa. Naijua. Ndiyo anayovuta mbele yetu kila Jumapili kabla ya kutupa sauti ya kuanzia. Daktari na fundi wake wako kwenye korido, wanakuja, na bado hajaitoa sauti yenyewe.