Nyumba Tupu ya Mama

Todmorden, Alhamisi

Kaka Clifford,

Natumaini jua la Australia halijakuunguza. Huku ni mvua tu, na paka wa jirani amezaa tena kwenye banda letu la makaa.

Tulipokwisha kumzika Mama, alikuja binti wa ofisi ya nyumba za halmashauri. Akaandika kwenye fomu: "Nyumba tupu." Nilikuwa nimesimama mbele yake, birika mkononi.

"Na mimi je, mwanangu?"

"Pole, Bi Doreen. Wewe hukuandikishwa mpangaji. Ijumaa ijayo urudishe funguo, na mazulia yawe yameng'olewa."

Kisha akanywa chai yangu, akaomba na biskuti.

Nimetafuta asili ya neno hilo "tupu," kwa Kiingereza chetu "empty," kwenye kamusi ya Mama. Zamani za kale lilimaanisha mtu mwenye nafasi, asiye na shughuli, hata asiye na mume. Miaka kumi na tisa nimemgeuza Mama kitandani. Kumbe nilikuwa nikistarehe.

Unakumbuka nilipotaka jina langu liandikwe kando ya la Mama kwenye mkataba wa nyumba? Ulipiga simu: "Acha kumsumbua mzee, Doreen. Nani atakufukuza?" Mama akakusikiliza wewe. Basi aliyenifukuza ni binti huyo wa fomu, anaitwa Bi Pamela, ana adabu sana.

Umeomba saa ya ukutani. Fomu inasema kitakachobaki ndani kitatupwa. Nimeiacha palepale ukutani, nimeitia ufunguo, na inakwenda vizuri.

Usinijibu kwa anwani hii.

Dada yako,
Doreen